Bonde lisilo na muhuri

Mtaani kwetu ukitaka kufungua akaunti benki, kumdhamini ndugu kituoni au kumwombea mtoto nafasi ya shule, safari inaanzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wa kwetu anakaa nyuma ya gereji. Muhuri wake anautunza kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na kidau cha wino uliokauka zamani, na kabla ya kugonga huupulizia pumzi mara mbili tatu mpaka upate unyevu. Tunamcheka, na ile hela ya "wino" tunaitoa huku tunanung'unika. Lakini malori ya mchanga yalipobomoa kalavati letu, ni yeye aliyekwenda halmashauri na barua, na halmashauri haikuwa na namna ya kusema haimjui.

Nilimkumbuka mzee huyu juzi nikisoma habari za kitongoji kimoja cha wachimba makaa ya mawe huko Marekani, kiitwacho Saunders. Kipo, au tuseme kilikuwepo, kwenye kichwa cha bonde la Buffalo Creek, Kaunti ya Logan, jimbo la West Virginia, ndani kabisa ya milima ya Appalachia. Bonde lenyewe ni jembamba kama uchochoro: kijito, reli, barabara, safu ya nyumba, kisha mlima. Kutoka Saunders kuteremka mpaka kijito kinapoingia mto Guyandotte ni kama kilomita 27, na mwaka 1972 njia nzima ilikuwa imepangwa vitongoji kama shanga: Saunders, Pardee, Lorado, Craneco, Lundale, Stowe, Crites, Latrobe, Robinette, Amherstdale, Becco, Fanco, Braeholm, Accoville, Crown, Kistler. Watu kama 5,000 kwa jumla. Mwisho kabisa, mdomoni mwa bonde, ndipo ulipo mji wa Man.

Nimevitaja vyote kwa makusudi, kwa sababu kisheria havikuwepo. Marekani watu wakitaka makazi yao yawe mji wanaomba kuandikishwa. Wakikubaliwa wanapata hati, meya, baraza, uwezo wa kutoza kodi, kutunga sheria ndogo, kushitaki na kushitakiwa kwa jina la mji wao. Wasipoandikishwa wanabaki kuwa watu wanaoishi mahali fulani, basi. Katika orodha ile ndefu hapakuwa na kitongoji hata kimoja chenye hati. Man ndio uliokuwa nayo. Serikali iliyomkaribia mtu wa Saunders ilikuwa ya kaunti, iliyoketi mjini Logan, mbali na bonde. Kama kulikuwa na ishara kwamba dola inayajua majina yale, ilikuwa ni posta.

Mwezi Februari 1968 mama mmoja wa Saunders alikaa chini akamwandikia gavana wa jimbo, wakati huo Hulett Smith. Barua yake ni fupi, ya mtu asiyezoea kuwaandikia wakubwa. Anasema juu yao kuna maji mengi ambayo kampuni ya makaa imeyazuia kwa mlima wa kifusi. Anasema pale kuna familia zaidi ya 20, na nyumba ni zao wenyewe. Mvua ikinyesha wote wanaingiwa na hofu ya kusombwa. Anamsihi gavana atume mtu aje aone kwa macho yake, na kwa ajili ya Mungu lile lundo na maji yake viondolewe.

Katika barua ile, sentensi inayonirudisha kila mara ni hiyo ya nyumba. Kwa nini mama anayeogopa kuzama akumbuke kutaja hati ya nyumba? Nadhani alijua kwamba mbele ya gavana alihitaji kitu cha kumpa uzito, na hicho ndicho alichokuwa nacho: sisi si wapangaji wa kampuni. Hakuwa na baraza la kuipitisha barua, wala mwanasheria wa mji wa kuifuatilia, wala kumbukumbu za kikao ambazo baadaye mtu angezifungua na kusema tuliwaambia tarehe fulani. Barua ikapita ofisi hadi ofisi. Kifusi kikaendelea kumwagwa.

Yaliyofuata miaka minne baadaye husimuliwa kama habari ya bwawa bovu na kampuni yenye pupa. Ni kweli tupu. Lakini mimi naona nusu ya habari ile imo kwenye muhuri uliokosekana, na kukosekana kwake hakukuwa bahati mbaya.

Turudi nyuma kidogo. Reli ilipofika Logan mwaka 1904, milima ilikuwa imeshaanza kuingia mikononi mwa kampuni za ardhi na za makaa. Mgodi ukifunguliwa kwenye korongo lisilo na watu, kampuni inajenga nyumba, inajenga duka, shule na kanisa, inamwajiri daktari na kumlipa kwa makato ya mishahara. Mara nyingi mshahara wenyewe hulipwa kwa sarafu za kampuni, zinazokubaliwa kwenye duka la kampuni. Mchimbaji anapewa vibati vya shaba vyenye namba. Akijaza kigari cha makaa anakining'iniza kimoja, ili kule juu kwenye mizani karani ajue hesabu ya nani. Wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga hawahitaji kuelezwa zaidi. Neno manamba lilizaliwa kwa mtindo huohuo, wa mtu kuitwa kwa namba.

Nyumba nayo haikuwa ya kupanga kama tunavyoelewa kupanga. Mahakama za West Virginia ziliichukulia kuwa sehemu ya uhusiano wa bwana na mtumishi: kazi ikiisha, nyumba imeisha. Mgomo ukianza, vyombo vinatolewa barabarani. Sasa kampuni yenye ardhi yote, nyumba zote, duka na hata mshahara wa mhubiri, meya wa nini? Meya angekuwa mdomo wa pili. Polisi je? Sherifu wa Logan aliyevuma sana miaka ya 1920, Don Chafin, alikuwa akipokea fedha kutoka kwa umoja wa wenye migodi ili kuwalipa askari wake na kuwazuia waandikishaji wa chama cha wafanyakazi wasiingie kaunti. Kwa hiyo kusema vitongoji vile havikuwa na serikali ni kukosea kidogo. Serikali ilikuwepo, ila haikupigiwa kura.

Anayedhani hati ya mji ni karatasi tu atazame Matewan, mji mdogo wa kaunti jirani ya Mingo. Matewan nao ulizungukwa na migodi, lakini ulikuwa mji ulioandikishwa. Ulikuwa na meya wake, Cabell Testerman, na mkuu wake wa polisi, Sid Hatfield, ambaye zamani alikuwa mchimba makaa. Tarehe 19 Mei 1920 wapelelezi wa kukodiwa wa Baldwin-Felts walishuka kwenye treni kuja kuzitoa familia za wachimbaji kwenye nyumba za kampuni ya Stone Mountain. Kwenye vitongoji vya kampuni kazi hiyo waliifanya kila siku bila kuulizwa. Matewan wakaulizwa. Hatfield na Testerman walitaka kuona hati ya mahakama inayowapa mamlaka hayo, na jioni, karibu na reli, mabishano yakageuka risasi. Wakafa watu kumi: wapelelezi saba, wachimbaji wawili na meya mwenyewe. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Agosti 1921, Hatfield naye aliuawa kwa risasi kwenye ngazi za mahakama ya Welch, na mwezi huohuo wachimbaji kama 10,000 wakaandamana na bunduki kuelekea Logan mpaka wakapambana na jeshi la Chafin kwenye mlima Blair.

Sisifii damu. Ninachotaka kionekane ni kwamba kwa saa chache, kwenye mtaa mmoja wa vumbi, alikuwepo mtu aliyeweza kumwambia mwenye bunduki ya kampuni: hapa ni mjini kwangu, nionyeshe karatasi. Mtu wa namna hiyo Saunders haikuwahi kuwa naye, wala Lorado, wala Lundale.

Chama cha wafanyakazi kilikuja kushinda miaka ya 1930, mishahara ikapanda, sarafu za kampuni zikafifia. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashine zikaingia migodini kwa kasi. Mwaka 1948 West Virginia ilikuwa na wachimba makaa zaidi ya 125,000; miaka 20 baadaye hawakufika 50,000. Kampuni hazikuona tena sababu ya kutengeneza mapaa na mabomba ya watu ambao hazikuwahitaji, zikaziuza nyumba kwa wakazi. Wengi walifurahi, na mimi ningefurahi. Lakini ziliuza nyumba tu. Ile kazi nyingine ambayo kampuni ilikuwa ikiifanya, ya kuamua nini kimwagwe wapi na nani aambiwe, haikuwa kwenye orodha ya mauzo. Watu wakawa wenye nyumba kwenye mahali ambapo bado paliamuliwa na mwenye mlima.

Kuhusu bwawa lenyewe sitakaa sana, maana wahandisi wameshalichambua. Makaa yakitoka ardhini huoshwa. Maji ya kuoshea hutoka meusi, na zamani yaliachiwa mtoni. Sheria za uchafuzi zilipobana, kampuni zikaanza kuyazuia nyuma ya vifusi vya mawe na makaa mabovu ili tope lituame. Wazo lenyewe halina kosa. Ila kwenye kijito cha juu ya Saunders kifusi cha kwanza kilimwagwa mwaka 1960, kikafuatwa na cha pili, na kuanzia mwaka 1968 cha tatu, kikubwa kuliko vyote, kikaegeshwa juu ya tope la vile vya chini badala ya mwamba. Malori yalimwaga, katapila likasawazisha. Njia ya dharura ya kupitishia maji haikuwepo. Palikuwa na bomba moja la inchi 24.

Onyo halikukosekana. Mwaka 1966 kilima cha kifusi cha mgodi kule Aberfan, Wales, kiliporomokea shule na kuua watu 144, watoto wakiwa 116, na serikali ya Marekani ikatuma wataalamu kukagua vifusi vya Appalachia. Cha Buffalo Creek kilikuwa kati ya vilivyotiliwa shaka. Mwaka 1967 sehemu ya kizuizi ilimeguka, maji yakaingia Saunders. Ndiyo maana mama yule aliandika. Mwaka 1971 kile cha tatu kikateleza, kwa bahati maji yakazuiwa na cha pili. Maofisa wa jimbo waliandika makosa kwenye makaratasi, hawakurudi kuangalia. Tarehe 22 Februari 1972 mkaguzi wa serikali kuu alipita, akaona hali inaridhisha.

Siku nne baadaye, Jumamosi, mvua ikiwa imenyesha kwa siku kadhaa, maji yalikuwa yamebakiza kidogo kufika ukingoni. Watu wa kampuni walikuwa wakiyapima usiku kucha, kwa hiyo walijua. Sherifu alituma askari kuwaonya wakazi. Ofisa wa kampuni akawahakikishia kwamba hakuna shida. Hapa ndipo ninapokwama kila nikisoma. Askari wa kaunti, mwenye beji na gari la serikali, anauliza mamlaka ya mahali pale yanasemaje, na mamlaka ya mahali pale ni kampuni. Ilikuwa hivyo tangu babu zao. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Baadhi ya watu wa Saunders hawakungoja kuambiwa, waliondoka usiku kwa hofu yao wenyewe wakaenda kulala kwenye shule ya Lorado.

Saa mbili asubuhi kifusi kikalainika kama uji na kuachia. Maji kama lita milioni 500, meusi, yamebeba mawe na tope, yakaifuta Saunders kabisa, kanisa likiwemo, kisha yakashuka bondeni yakibomoa nyumba za juu na kuzitumia kubomoa za chini. Yalichukua kama saa tatu kufika Man. Watu 125 walikufa. Waliojeruhiwa walikuwa 1,121. Katika wale 5,000, zaidi ya 4,000 walibaki bila makazi.

Buffalo Mining, kampuni yenye kifusi, ilikuwa imenunuliwa mwaka 1970 na Pittston, kampuni kubwa ya makaa yenye makao New York. Kauli ya kwanza kutoka upande huo ilikuwa kwamba tukio lile ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Sisi tunaijua kauli hiyo; kila basi likipinduka huku kwetu inakuwa ya kwanza kufika, kabla ya gari la wagonjwa. Bondeni palizuka jibu ambalo bado linarudiwa: kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwona Mungu akiendesha katapila kule juu.

Kauli ya pili ya kampuni ilikuwa ya kisheria, na ndiyo inayonipeleka kwenye hoja yangu. Pittston ilisema yenyewe ni mwenye hisa tu. Wa kuulizwa ni Buffalo Mining, kampuni tofauti, nafsi tofauti. Itazame hesabu hiyo vizuri. Upande mmoja kulikuwa na nafsi mbili za kisheria, moja New York na nyingine bondeni, zikirushiana lawama mpaka lawama ichoke. Upande wa pili kulikuwa na vitongoji kumi na sita ambavyo vikijumlishwa vyote havikuwa hata na nafsi moja.

Manusura zaidi ya 600 walishitaki kupitia mawakili wa Arnold & Porter wa Washington. Mawakili walifanya kazi nzuri: walibishana kwamba madhara ya akili nayo ni madhara, hata kwa mtu ambaye maji hayakumgusa, na wakampeleka bondeni mtaalamu wa sosholojia kutoka Chuo Kikuu cha Yale. Alichokikuta ni kwamba watu walikuwa wamepoteza kitu kikubwa kuliko nyumba, hata kuliko ndugu mmojammoja. Walikuwa wamepoteza ujirani: yule wa kumkimbilia usiku, yule anayejua mama yako alizikwa wapi, yule ambaye mlango wake hupigi hodi. Mtu mmoja akiumia, wanaomzunguka humshika. Hapa waliomzunguka nao walikuwa wameumia, kila mmoja akawa peke yake.

Mwaka 1974 kesi ikamalizwa nje ya mahakama kwa dola milioni 13.5. Gharama zilipotolewa, wastani ulikuwa kama dola 13,000 kwa mlalamikaji, zikigawanywa kwa kichwa na kwa kiasi cha kuumia. Sasa, kama kitu kikubwa kilichopotea ni jumuiya, jumuiya yenyewe ililipwa nini? Haikulipwa kitu, kwa sababu haikuwa mlalamikaji. Haikuweza kuwa. Mlalamikaji ni nafsi, na Lundale haikuwa nafsi. Sheria ilikuwa na masikio ya kumsikia kila mjane na kila yatima, ikakosa sikio la kuusikia ujirani.

Jimbo lilikuwa nafsi, nalo likashitaki, likidai dola milioni 100. Januari 1977, siku tatu kabla ya kuondoka madarakani, Gavana Arch Moore akakubali dola milioni moja. Baadaye jimbo hilohilo likalazimika kuilipa serikali kuu dola milioni 9.5 za kusafisha bonde, yaani mlipakodi wa West Virginia alilipa zaidi ya mara tisa ya alicholipwa. Moore alirudi kuwa gavana mwaka 1985, na mwaka 1990 akakiri mahakamani makosa ya rushwa na kodi. Nakuachia msomaji umpime mwenyewe. Mimi naangalia tu kwamba aliyeshika dai la bonde zima alikuwa mtu ambaye bonde lisingeweza kumwita kikaoni.

Halafu yakaja matrela. Serikali kuu ilileta nyumba za kuburuta kwa haraka ya kusifiwa na kuzipanga kwenye kambi 13. Kila familia ikapewa iliyokuwa tupu wakati jina lake lilipofikiwa. Wa Lorado akawekwa katikati ya watu wa Accoville, mama mkwe kambi hii na mkwe kambi ile. Hakuna aliyefanya ubaya. Kulikuwa na orodha, na orodha ilikuwa ya majina ya watu. Lakini jumuiya iliyopona mafuriko ikamalizwa na karatasi ya kugawia matrela. Baraza la mji, hata la wazee watano wasiojua kutumia taipu, lingesema jambo dogo tu: wa Lundale waleteni pamoja.

Huku kwetu Tanzania, bwawa la majitope la mgodi wa almasi wa Mwadui lilipopasuka Novemba 2022, tope likaingia kwenye makazi na mashamba ya Kishapu. Hakufa mtu, kwa hiyo siwezi kulinganisha msiba na msiba. Lakini kulipokucha, vijiji vilivyopatwa vilikuwa na wenyeviti, na kila mwenyekiti angeweza kuulizwa kaya zake ni ngapi na nani anakaa jirani na nani. Sidai kwamba serikali ya kijiji huwa inasikilizwa. Nadai kwamba huwa ipo ya kupuuzwa, na kumpuuza mtu mwenye daftari kunaacha alama.

Turudi Buffalo Creek. Ahadi ya Gavana Moore ilikuwa nyumba 750 za umma. Zilizojengwa ni nyumba 17 za mfano na vyumba vya ghorofa 90. Ukumbi wa jamii ulioahidiwa haukujengwa. Ukiuliza nani alipaswa kuidai ahadi hiyo mwaka baada ya mwaka, kwa jina gani na kwa barua yenye anwani ya ofisi gani, unarudi palepale.

Kuna jibu dhidi yangu, na ni zito. Gary, Kaunti ya McDowell, ilikuwa mkusanyiko wa kambi za kampuni ya chuma ya U.S. Steel. Mwaka 1971, kampuni ikijiondoa kwenye mambo ya makazi, watu wa Gary walijiandikisha kuwa mji. Wakapata meya, baraza, muhuri, kila nilichokuwa nikikililia hapa. Mwaka 1986 migodi ikafungwa, karibu kila mtu akakosa kazi, na mji ukabaki na mabomba yanayovuja na wateja wasioweza kulipa ankara ya maji. Kaunti yenyewe, iliyokuwa na watu karibu 99,000 mwaka 1950, ilihesabu 19,111 mwaka 2020. Hati haileti ajira. Mji bila kodi ni mwenyekiti wetu na wino wake mkavu.

Tena wapo wakazi wengi wa Appalachia wanaoipenda hali ya kutoandikishwa. Kodi moja imepungua, hakuna wa kukuambia banda la kuku lisikae hapo, hakuna diwani wa kukugombanisha na shemeji. Mtu aliyezaliwa chini ya kampuni iliyopanga mpaka rangi ya nyumba ana haki ya kutotaka bwana mwingine. Nawaelewa. Ila naona wanachanganya mambo mawili kwa sababu historia iliwachanganyia: hawajawahi kuona mamlaka ya mahali ambayo ni yao, kwa hiyo kila mamlaka inafanana na kampuni. Na Gary, kwa umaskini wake wote, angalau ilipofilisika kulikuwa na meya wa kuandika maombi ya fedha za mabomba.

Tangu 1972 sheria za mabwawa zimekazwa. West Virginia ilipitisha yake mwaka 1973 na serikali kuu ikafuata. Makorongo hayakubadilika sana. Mwaka 2000 tope la makaa, zaidi ya galoni milioni 300, lilitoboka kutoka kwenye bwawa la Kaunti ya Martin, Kentucky, likajaza vijito na bustani za watu. Mwaka 2010 wachimbaji 29 walikufa kwenye mgodi wa Upper Big Branch pale Montcoal, nacho ni kitongoji kisicho na hati. Bosi wa kampuni, Don Blankenship, alifungwa mwaka mmoja. Kwa mafuriko ya Buffalo Creek hakufungwa mtu.

Mpaka leo bonde lile halina mji. Watu wamepungua, barabara imekuwa nzuri, kijito kimerudi kuwa na samaki, na Saunders ni jina kwenye ramani zaidi kuliko ni mahali. Walionusurika na watoto wao walipopata maktaba yenye jina la mafuriko yale, maktaba ya kumbukumbu ya Buffalo Creek, haikuwekwa Saunders, wala Lorado, wala Lundale walikokufa watu. Iko Man, mdomoni mwa bonde, mahali pekee ambapo palikuwa na meya.